Dada wa Nani

Jumapili moja ya mwezi wa pili, dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mtoto alikuwa analia karibu yake, kwa hiyo kila baada ya maneno machache alinyamaza, akambembeleza, kisha akaendelea. Alikuwa amebakiwa na siku kumi na tisa za likizo ya uzazi. Binti aliyekuwa akimsaidia kazi za nyumbani alikuwa ameondoka wiki iliyotangulia, amekwenda kwao kuolewa.

"Mdogo wangu, naomba umpigie shangazi," alisema. "Wewe anakusikiliza. Mwambie atutafutie binti mtulivu, anayependa watoto. Asiwe mkubwa sana. Wale wakubwa wameshaujua mji, hawakai."

Nilikuwa mezani, kompyuta imewaka, nasafisha data za tasnifu yangu ya uzamili. Tasnifu hiyo inauliza swali ambalo wanauchumi na wanademografia wamelizunguka kwa miongo mingi: mwanamke akizaa, kazi yake inakuwaje? Mbele yangu kulikuwa na majibu ya wanawake wa Manzese na Mbagala, yamepangwa kwa safu na namba. Nilisikiliza ujumbe mara mbili. Nikaandika, "Sawa dada, nitampigia." Kisha nikailaza simu kifudifudi.

Sikumpigia shangazi siku hiyo, wala kesho yake. Ilinichukua siku sita. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu nadhani wengi wa rika langu wana simu kama hiyo ya kupiga, au watakuwa nayo.

*

Kiswahili cha mjini kina neno moja kwa watu wawili. Dada ni mtoto wa kike wa mama yako aliyekutangulia kuzaliwa. Dada pia ni yule anayelala chumba cha watoto, anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho, ambaye wageni humpa sahani zao bila kumtazama usoni. Neno "hausigeli" lilipoanza kunuka dharau, watu waungwana walilikimbia wakachukua neno la heshima: dada, dada wa kazi. Jina lilipanda cheo. Mshahara haukupanda nalo.

Mimi nilikuwa na dada wawili. Mmoja ndiye huyu wa ujumbe wa sauti, ananizidi miaka sita. Wa pili alikuja nyumbani kwetu Tabata nikiwa na mwaka mmoja. Mama, ambaye ni mwalimu, anasema alifika na mfuko wa rambo wenye magauni mawili na kanga. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu na kumenya chungwa bila kulikata. Nilipougua malaria usiku alinibeba mgongoni hadi zahanati, kwa sababu mama alikuwa na mitihani ya kusahihisha na baba alikuwa safarini.

Asubuhi moja, nikiwa darasa la pili, niliamka nikakuta chai haijapikwa. Mama alisema dada amekwenda kusalimia kwao. Sikumwona tena. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipomsikia mama akiongea na mama mdogo sebuleni, ndipo nikajua kwamba alikuwa mjamzito. Baba alimpeleka Ubungo alfajiri, akampandisha basi la Iringa, akampa nauli na pesa kidogo ya mkononi.

Hiyo ilikuwa mwaka 2007. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilikuwa imeshatungwa tangu 2004. Inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Haisemi popote kwamba mfanyakazi wa ndani hahusiki. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyemfikiria kuwa ni mwajiriwa. Alikuwa "kama mtoto wetu". Na mtoto wa nyumbani akipata mimba hapewi likizo.

Naongeza jambo moja. Kwetu sisi wenyewe ni Iringa, wilaya ya Kilolo. Ukisema hivyo chuoni hakosi mtu wa kucheka na kukuuliza kama unatafuta kazi ya ndani. Nami hucheka pamoja nao. Kati yangu na binti ninayetumwa kumtafuta kuna tofauti moja tu kubwa: babu yangu alimpeleka baba shule.

*

Katika dodoso langu kuna swali lililotoholewa kutoka tafiti za nguvukazi: katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo, au biashara yoyote, hata kwa saa moja? Mama mmoja wa Mbagala alinijibu, "Sifanyi kazi mwanangu, nipo tu nyumbani." Alinijibu huku anageuza vitumbua, mtoto mgongoni, na wateja wawili wamesimama na visahani vyao. Ilibidi nimuulize kwa njia nyingine, nikaweka alama ya "ndiyo". Lakini kama asingekuwa na vitumbua, kama angekuwa na mtoto mgongoni, mtoto mwingine anayetambaa, na ndoo nne za maji za kuchota kabla jua halijawa kali, ningeweka "hapana", na ningekuwa sahihi kwa mujibu wa kanuni.

Kanuni zenyewe zimebadilika. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi kutoka nchi mbalimbali walikutana Geneva wakakubaliana kwamba kupika, kufua na kulea ndani ya kaya yako ni kazi. Huo ulikuwa ushindi. Lakini katika kikao hicho hicho walikubaliana kwamba "ajira" ni kazi ya malipo au faida peke yake. Kwa hiyo mama anayelima mahindi ya kula na watoto wake anafanya kazi, ila hana ajira. Na mijadala mingi ya uchumi, pamoja na jedwali langu la kwanza, huhesabu ajira.

Wahenga hawakuhitaji kikao cha Geneva. Walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Neno ni lile lile, kazi. Methali hiyo tumeisikia tangu utotoni na tukaichukulia kama onyo kwa wazazi. Siku hizi naisoma kama taarifa ya nguvukazi. Inachokosa ni jina la anayelea.

*

Ukisoma maandiko ya fani yangu utakuta hadithi inayosimuliwa hivi. Katika uchumi wa jembe, mtoto hamtoi mama kazini. Ester Boserup, mwanauchumi wa Denmark, aliandika mwaka 1970 kuhusu kilimo cha Afrika kinachobebwa na wanawake. Miaka mitatu kabla yake Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kusema kwamba wanawake wa vijijini ndio wanaofanya kazi kuliko watu wote Tanzania, na kwamba wanaume wa vijijini, pamoja na baadhi ya wanawake wa mjini, wanaishi kama watu walio likizo. Mama wa kijijini anajifungua, anapumzika, kisha anarudi shambani na mtoto mgongoni au chini ya mti. Kazi na malezi viko mahali pamoja. Havimpunguzii uchovu, lakini havimlazimishi kuchagua.

Halafu unakuja mji, ofisi, kiwanda, duka lenye kamera. Hapo mtoto haingii. Kundi la wanauchumi likiongozwa na Henrik Kleven limetengeneza atlasi ya nchi 134 inayopima kile wanachokiita adhabu ya mtoto: ajira ya mama inashuka kiasi gani baada ya mtoto wa kwanza, ukilinganisha na ya baba. Katika nchi zenye uchumi mdogo adhabu hiyo huchangia kidogo sana tofauti ya ajira kati ya wanaume na wanawake. Hukua kadiri watu wanavyotoka kwenye kilimo cha kujikimu na kuingia kwenye kazi za mshahara, mpaka ikawa ndiyo sababu kubwa ya tofauti hiyo. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alikuwa ameshaonyesha kwamba katika historia ushiriki wa wanawake katika kazi hushuka kwanza uchumi unapokua, kisha hupanda tena, kama bakuli.

Dada yangu yuko ndani ya bakuli hilo. Anafanya kazi Posta, anaishi Kimara. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Likizo ya siku 84 ni wiki kumi na mbili. Pengo lililobaki sheria imejaribu kulijaza kwa kumpa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na saa mbili hizo ni haki nzuri kwa mtu anayeishi jirani na ofisi yake. Kutoka Posta hadi Kimara kwa mwendokasi, ukijumlisha foleni ya kituoni na kutembea, saa mbili zinaishia njiani. Kwa mtoto wa kwanza dada alikuwa akikamua maziwa chooni, mlango ameuegemea kwa mgongo, na kuyaweka kwenye friji ya ofisi nyuma ya soda za wenzake.

Kwa hadithi hiyo ningetegemea awe ameacha kazi. Hakuacha. Alipanda cheo. Nilipoanza kuchambua data niligundua kwamba wanawake wenye ajira za mshahara kama yeye walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wenye watoto wadogo, na wapo kazini. Mtoto hakuwaathiri. Nilifurahi, nikaona nimepata jambo la kuandika. Kisha nikaangalia safu nyingine, ile inayotaja watu wengine wanaoishi katika kaya. Katika kaya hizo, tena na tena, kulikuwa na msichana asiye mtoto wa mwenye nyumba.

Hapo ndipo kosa la jedwali langu lilipo. Dada yangu anahesabiwa kuwa mama aliyebaki kazini. Binti anayemlelea anahesabiwa kuwa kijana aliyepata ajira. Wote wawili wamewekwa upande wa mafanikio. Adhabu ya mtoto imefutika, kumbe imehamishwa tu. Imetoka kwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu mwenye shahada ikatua kwa msichana wa miaka kumi na sita asiye na cheti. Kwake haionekani kama kushuka kwa mshahara kwa sababu hakuwahi kuwa na mshahara wa kushuka. Inaonekana kama shule iliyoachwa, na jedwali la ajira halina safu ya vitu vilivyoachwa.

Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliuita mtiririko huu mnyororo wa malezi, akiwawaza wanawake wanaovuka mipaka kwenda kulea watoto wa nchi tajiri. Kwetu mnyororo hauhitaji pasipoti. Unapanda basi la alfajiri. Na mnyororo huo una uhusiano na uzazi ambao nimechelewa kuuona. Kiwango cha uzazi Tanzania kilikuwa watoto 5.2 kwa mwanamke katika utafiti wa afya wa 2015-16, kikashuka hadi 4.8 katika ule wa 2022. Mjini tunazaa wachache kuliko vijijini, na waliosoma sekondari wanazaa wachache kuliko wasiosoma. Tunapenda kusema kwamba sisi tumeelimika, wao bado. Lakini dada yangu anaweza kuzaa wawili na kuendelea na kazi kwa sababu kuna kaya yenye watoto saba inayoweza kumtoa mmoja. Na huyo anayetolewa, akikosa shule, yuko kwenye njia ya kuolewa mapema na kuzaa wengi. Watoto wake ndio watakaowalea wajukuu wa dada yangu.

*

Siku ya sita nilipiga simu.

"Kamwene, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu, kamwene. Mtoto wa dada yako hajambo?"

Nilimweleza. Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa naye tayari: binti wa jirani, mtulivu, msafi, wa miaka kumi na mitano. "Sasa hivi anamshika mtoto wa mama yake, amejifungua wa saba juzi tu. Kulea anajua."

"Shule je?"

"Yuko kidato cha pili. Lakini mama yake amesema akipata mahali atamtoa."

Nikasema shule za serikali hazina ada tangu mwaka 2016, kidato cha kwanza hadi cha nne. Shangazi alicheka, bila ubaya. Ada iliondoka, alisema, ila sare haijaondoka, wala daftari, wala michango, wala mtoto mchanga wa kushikwa mama akienda shamba. Nikamwambia basi hapana, huyo aache asome, tutatafuta mtu mzima. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, wewe usipomchukua unadhani atabaki shule? Atachukuliwa na mwingine, tena tusiyemjua. Kwa dada yako angekuwa mikononi mwa ndugu." Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Na wewe ulilelewa na nani hata ukafika huko chuoni?"

*

Katika siku zile sita nilikuwa nimezipitia hoja zote za kunipa ruhusa, na nataka kuzitendea haki kwa sababu si hoja za watu wabaya.

Ya kwanza inasema kumchukua ni kumsaidia. Mara nyingine ni kweli. Wapo mabinti waliotoka kwenye kazi ya ndani na cherehani, au mtaji wa genge, au cheti cha ufundi kilicholipiwa na bosi. Lakini msaada wa kweli una dalili moja: anayesaidiwa akisema hapana, bado unataka kumsaidia. Hakuna aliyewahi kunituma kijijini kumtafuta binti wa kumlipia sare abaki kidato cha pili. Tunamtafuta kwa sababu tuna shida sisi. Hilo si dhambi, ila tusiliite sadaka.

Ya pili inasema amekubali mwenyewe. Amekubali, ndiyo, kati ya kulea mtoto wa mama yake bure na kulea mtoto wa dada yangu kwa mshahara. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri. Mtu anaweza kukubali jambo kwa moyo wote na bado mlango aliopitia ukawa umejengwa na wengine.

Ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu naiamini nusu. Inasema lawama si ya wanawake. Kwa nini dada yangu ndiye anayetuma ujumbe wa sauti na shemeji hatumi? Kwa nini tunampima mwanamke aliyeajiri msichana na hatumpimi mwanaume ambaye hakulazimika hata kuwaza? Ni kweli kabisa. Ila hoja hiyo ikiachwa hapo, binti wa kidato cha pili bado yuko jikoni, na sasa analea kwa ajili ya wawili.

Kizazi cha babu zetu kilijifunza mikutanoni neno unyonyaji. Nililikariri darasa la tano katika somo la uraia bila kuona kwamba ni kitenzi cha mtoto mchanga: kunyonya. Mtoto ananyonya kwa mama na hakuna anayemlaumu, kwa sababu ni mtoto, na kwa sababu siku moja ataacha na kukua. Unyonyaji ni wa mtu mzima asiyeacha. Mimi nilibebwa na yule dada mpaka zahanati na sikuwa na kosa. Kosa linaanza pale ninapokuwa mkubwa, najua nilibebwa na nani, halafu natafuta mgongo mwingine.

Kwa hiyo swali la kama mama anaweza kufanya kazi naliona si swali tena. Wanawake wa nchi hii hawajawahi kutofanya kazi. Swali langu ni hili: ukifuata malezi ya mtoto mmoja kutoka mkono hadi mkono, wa mwisho kupokea ni nani, na yeye anamkabidhi nani wa kwake? Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama anauona mwepesi. Haki ya mpangilio wowote wa kazi na uzazi ipimwe kwa yule wa mwisho, ambaye nyuma yake hakuna mtu.

*

Nilikwenda Kimara jioni hiyo nikamwambia dada kwamba nimepiga simu na nimekataa. Alikuwa amembeba mtoto begani anamcheulisha.

"Unaongea kama kitabu," alisema. "Mimi nina siku kumi na tatu."

Nikaendelea na maneno yangu. Akanikata. "Ada yako ya mwaka wa kwanza ililipwa na nani? Nilimwacha mkubwa na binti wa miaka kumi na saba nikaenda kazini, ndiyo wewe ukasoma. Hukuuliza umri wake."

Ni kweli. Sikuuliza. Sina jibu la hilo hadi leo, na usafi wowote wa mikono ninaoweza kujivunia umenunuliwa kwa pesa hiyo.

Shemeji alikuwa anatazama mpira. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema kwa utani, "Mimi nitafanya nini, shemeji, mwenzenu sheria imenipa siku tatu." Ni kweli vilevile, likizo ya baba ni siku tatu. Dada hakucheka. Alimpa mtoto, akaingia chumbani, akafunga mlango. Shemeji akabaki na mtoto, na mimi nikabaki na shemeji, na mpira ukaendelea. Baada ya kama nusu saa akaupunguza sauti. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuutegemea, mtu mzima wa kuja asubuhi na kurudi kwake jioni anataka shilingi ngapi.

Wamempata mama wa mtaa wa pili, wa miaka arobaini na kitu. Anaingia saa 12 asubuhi, anatoka saa 11 jioni, Jumapili hayupo, analipwa 180,000. Shemeji amebadilisha zamu ili awe anampeleka mtoto mkubwa shule na kuwahi kurudi siku tatu kwa wiki. Ujenzi wa nyumba yao Goba umesimama kwenye renta. Dada alikataa nafasi ya kusimamia tawi kwa sababu ingemtaka abaki hadi usiku. Hajanisamehe kabisa, na sidhani kwamba ana wajibu huo. Adhabu ya mtoto imerudi nyumbani kwake, na sasa ingeonekana kwenye jedwali langu. Takwimu zingesema hali imekuwa mbaya zaidi.

Nilimuuliza yule mama wake mwenyewe anabaki na nani. Mdogo wake wa mwisho ana miaka kumi, akitoka shule anakaa kwa jirani mpaka yeye arudi. Mnyororo umefupishwa, haujakatwa.

Mwezi wa nne shangazi alinipigia kwa jambo lingine, na kabla ya kuagana akaniambia kwamba yule binti ameondoka. Yuko Dodoma kwa watu. Watu gani, hajui.

Nimelifikiria sana hilo. Hapana yangu haikumbakiza shule hata wiki moja. Aliyekataa kwa ajili ya dhamiri yake na akaishia hapo amejisafisha, hajamsaidia mtu. Ndiyo maana siku hizi nasoma kwa makini zaidi utafiti uliofanyika Korogocho, Nairobi, ambako akina mama walipewa vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto mchana. Uwezekano wao wa kuwa na kazi ulipanda kwa pointi 8.5 za asilimia, wengi wao wakiwa wenye waume. Wale wasio na waume hawakuongezeka kazini, kwa sababu walikuwa wanafanya kazi tayari, wangefanyaje vingine? Wao walipunguza saa za kazi bila kipato kushuka. Napenda matokeo hayo ya pili kuliko ya kwanza. Kituo cha mtaa chenye walezi wazima wanaolipwa hakimwombi mtoto wa mtu aache shule, na kinaweza kumpokea hata mtoto wa yule anayelea. Lakini kituo hakijengwi na mtu mmoja anayeogopa kupiga simu. Kinadaiwa: kwenye kikao cha mtaa, kwenye bajeti ya halmashauri, kwa waajiri wenye maghorofa pale Posta. Tulijifunza kudai barabara na maji. Malezi tuliyaacha yawe siri ya familia, kwa sababu daima kulikuwa na binti.

*

Wiki iliyopita nilimpigia mama. Baada ya salamu nikamuuliza yule dada aliyetulea Tabata alikuwa anaitwa nani.

"Si tulikuwa tunamwita Dada," alisema.

"Jina lake, mama."

Alinyamaza muda mrefu. Mama anakumbuka majina ya wanafunzi aliowafundisha miaka thelathini iliyopita, na ya baba zao. Akasema atanipigia. Nilidhani amekasirika.

Usiku alinitumia ujumbe. Lilikuwa jina la kwanza, la baba, na la kijiji. Chini yake ameandika: "Mtoto wake alikuwa wa kiume. Nilisikia. Atakuwa na miaka kumi na minane sasa."

Jina ninalo. Silitaji hapa kwa sababu sijamwomba ruhusa, na tumeshachukua kwake mengi bila kumwomba. Mwezi wa saba nakwenda Kilolo kumaliza mahojiano, na kijiji chake hakiko mbali na barabara. Sijui nitamwambia nini. Najua swali nitakaloanza nalo, lile ambalo dodoso langu halina: wakati ulipokuwa unanilea mimi, wewe uliacha nini?